Alama Nyekundu na Nduma za Kihara

Kwanza, haikuwa panga. Ilikuwa mkasi wa kupogolea, ule wenye mipini ya mbao, na Magdaline Watiri alikuwa ameushika kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa akipogoa waridi. Pili, hakumkimbiza mtu. Mwanamke aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu, mwenye goti moja bovu, hamkimbizi kijana wa stima kutoka langoni kwake hadi kanisani, hata kama Nduta muuza maziwa anaapa kuwa aliyaona hayo kwa macho yake. Tena hakukataa stima mpya. Alikataa kitu kingine kabisa, na afadhali kielezwe hapa tangu mwanzo wake, ili wanaokisimulia kwa kinyozi na baada ya ibada wakisimulie vizuri.

Mtaa wa Mawe uko upande wa juu wa mji wa Nyeri, pale barabara inapopinda kabla ya kuteremka kuelekea mtoni. Nyumba zake ni za mawe ya kuchonga, zenye mabati yaliyogeuka rangi ya kutu na mabomba ya moshi ambayo mwezi wa Julai hayapumziki. Ni nyumba za zamani, na stima iliingia humo wakati taa ya balbu bado ilikuwa jambo la kuitia watu waje kutazama. Karibu zote zilifungwa waya na mkono mmoja, wa Kihara, mume wa Magdaline.

Kihara alikuwa mtu mwembamba aliyeweza kupenya darini kama paka. Akiwa huko juu alipiga mbinja za nyimbo za kanisani, na mkewe akipita njiani kutoka shuleni alijua yuko nyumba gani kwa kusikia ubeti gani umefika. Alikuwa na taratibu zake, wala hakukubali kuzivunja kwa ajili ya tajiri au mchungaji. Swichi ya kwanza katika nyumba mpya ilibonyezwa na mama wa nyumba, si baba, si mgeni wa heshima. Na miaka ya baadaye kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka apande nduma, yaani magimbi.

Hilo la nduma linahitaji maelezo. Stima, Kihara alizoea kusema, ni kama mgeni mlevi: lazima umwonyeshe mlango wa kutokea, la sivyo atatokea popote. Mlango huo ni waya unaoshuka hadi ardhini. Zamani kila fundi wa mji huu aliufunga waya huo kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba lilipita chini ya ardhi mtaa mzima. Kisha siku moja mabomba ya chuma yakang'olewa, yakaja ya plastiki meusi. Watu wakafurahia maji yasiyo na kutu. Kihara hakufurahi. Plastiki haipitishi stima, kwa hiyo nyumba zote zilikuwa zimefungiwa mlango ule wa kutokea na hakuna aliyejua.

Akatembea nyumba kwa nyumba. Wengine walidhani mzee anatafuta kazi. Nyuma ya kila jikoni alipigilia fimbo ya shaba ardhini, akafunga waya wake hapo, na juu yake akapanda nduma. Ardhi kavu haipokei stima vizuri, na nduma hazikui pakavu. Akamwambia kila mama wa nyumba: maji ya kufulia yamwage hapa, nduma zikinyauka uniite. Wanawake wakamwaga, nduma zikanawiri, na kadiri miaka ilivyopita wengi wakasahau kwamba chini ya chakula chao cha asubuhi kuna fimbo. Wakabaki na desturi tu.

Huyo ndiye mtu waliyesema amemuua ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Gikonyo, mwenye duka la mbao na mwenyekiti wa mtaa. Aliitwa Malkia, na kwa kweli alikuwa ng'ombe mzuri. Kihara alikuwa amekwisha kufariki, amezikwa wakati wa masika yaliyotangulia, wakati Malkia alipoinamia hori la bati siku moja adhuhuri, akanywa, akaanguka kama aliyekatwa miguu. Mfanyakazi aliyekimbilia kumwinua alirushwa hadi ukutani, akapona kwa rehema za Mungu.

Mambo haya yalitokea wakati kampuni ya stima ilikuwa imekwisha kuanza kubadilisha stima ya mtaa. Hakuna aliyebisha kwamba kazi hiyo ilihitajika. Nguzo za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka nyingine ziliegemea miti badala ya kuegemewa na nyaya. Jioni watu wakianza kupiga pasi, balbu ziligeuka nyekundu kama tumbaku kwenye kiko. Upepo wa Agosti ukivuma, nyaya tupu ziligongana juu ya barabara zikatema cheche. Sasa zilikuja nguzo za zege, nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja, na transfoma mpya iliyonyamaza, si ile ya zamani iliyonguruma kando ya kanisa hata wakati wa mahubiri. Sharti lilikuwa moja: kila nyumba ikaguliwe kwanza. Yenye hatari itiwe alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani, na isiunganishwe mpaka irekebishwe.

Katika mkutano uliofanyika ukumbi wa kanisa, Gikonyo alisimama akashika kofia yake kifuani.

"Mimi sitaki kusema marehemu vibaya," akasema, na kila mtu akajua kwamba ndivyo atakavyofanya. "Lakini nyumba zetu zilifungwa waya na mtu mmoja, na kazi ya huyo mtu imeniulia ng'ombe. Leo ni ng'ombe. Kesho ni mtoto wa nani? Mimi naonelea nyumba zote za Kihara zipigwe X, na waanze na yake."

Magdaline alikuwa ameketi safu ya pili, shali yake imekunjwa magotini. Alimfundisha Gikonyo huyu darasa la tano.

"Umemaliza, mwenyekiti?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Umetuambia ng'ombe alikufa. Hujatuambia alikufaje."

Wachache wakacheka. Lakini wengi hawakucheka, na hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Siku hizi maneno hayahitaji miguu. Kabla ya juma kuisha yalikuwa Nanyuki, ambako binti yake Wangui ana duka la vifaa vya umeme lenye jina la baba yake juu ya mlango, herufi za samawati ambazo Kihara mwenyewe alizichora. Wangui akapiga simu.

"Mami, leo mtu ameniuliza kama niko na soketi za kuua ng'ombe."

"Ulimjibu nini?"

"Nilicheka. Nifanye nini? Lakini wengine hawaulizi, wanapita tu, wanaingia kwa jirani. Nimefikiria nibadilishe jina. Niite Duka la Mlima, kitu kama hicho. Ni jina tu, Mami."

"Ni jina tu?"

"Usinikasirikie."

"Sijakasirika. Babako hakukuachia shamba, Wangui. Hakukuachia gari. Ukiteremsha ubao ule, watu watasema hata binti yake alijua. Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Nimesema subiri."

Hakujua bado wanasubiri nini. Alijua tu kwamba ubao ule ukishuka Nanyuki, hakuna mtu mtaani wala mlimani kote atakayeupandisha tena.

Ndipo ikafika asubuhi ya waridi. Alisikia lango likilia, akageuka, akaona kijana mwenye kofia ya plastiki ya njano, kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine, anautazama ukuta wake wa mawe kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika picha.

"Unatafuta nini?"

"Habari ya asubuhi, shosho. Ni X tu tunaweka hapa."

"Umeingia ndani ukaona kuna nini?"

"Bado. Ati tumeambiwa tuanze na hii."

"Na nani?"

"Mwenyekiti." Akachovya brashi. "Shosho, usijali, ni rangi tu. Hata mvua itaitoa."

"Kama mvua itaitoa, unaipaka ya nini?"

Magdaline akasogea, akasimama kati ya brashi na ukuta. Mkasi ulikuwa bado mkononi, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuuweka. Hilo ndilo panga lenu.

"Alama hiyo naijua," akamwambia. "Nimeiandika kwa wino mwekundu miaka yote ya kazi yangu. Sikumwekea mtoto yeyote kabla ya kusoma alichoandika. Mwite mkubwa wako."

Kijana alitoka haraka, hilo ni kweli. Alirudi na msimamizi wake, Khadar, mtu wa Nanyuki mwenye ndevu zilizokatwa vizuri na sauti ya chini, ambaye baba yake huuza mbuzi kule na amejulikana mlimani kote kwa kutopunguza bei.

"Mama, kuna shida gani?"

"Shida iko ndani ya kopo hilo."

Khadar akatazama kopo, akatazama mkasi, akatabasamu kidogo. "Nimesikia kuhusu ng'ombe."

"Kila mtu amesikia kuhusu ng'ombe. Mimi nataka mtu wa kutazama. Fungua nyumba yangu sasa hivi, mchana huu, na mtaa uje uone. Ukikuta kosa la Kihara, nipe brashi, nitapaka mimi mwenyewe. Halafu tutoke hapa wote twende kwa mwenyekiti, maana ng'ombe hakufia kwangu."

"Mama, kwa kawaida hatufanyi kazi mbele ya watu."

"Na kwa kawaida mtu hahukumiwi akiwa kaburini. Lakini hapa imefanyika, ukumbini, watu wote wakiwapo."

Khadar alifikiri. Kisha akamtuma kijana awaite watu, kazi ambayo haikumchosha, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujaa nje ya lango. Nduta alikuwa na mtungi wake wa maziwa. Kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Gikonyo akaja pia, kofia kichwani safari hii, na kando yake mkewe Monicah aliyekuwa amefunga aproni ya jikoni.

Khadar alizima stima, akafungua sanduku la fyuzi, akapanda darini. Watu walisikia mbao zikilia juu ya vichwa vyao. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui nyweleni, kama Kihara enzi zake, na Magdaline ikambidi ageuke ayatazame waridi yake kwa muda, kama anayehesabu matawi yaliyobaki.

"Nitasema yote niliyoona," Khadar akasema. "Nyaya za juu zimezeeka. Mpira wake umekauka, ukiushika unavunjika kama biskuti. Lazima zitoke zote."

Gikonyo akakohoa. Watu wakanong'ona.

"Zimezeeka," Magdaline akauliza, "au zilifungwa vibaya?"

"Zimezeeka. Zilifungwa vizuri. Kila kiungo kiko ndani ya kisanduku chake, hakuna hata kimoja kilichosokotwa kikaachwa hivyo."

"Basi zitoe. Hata mimi nimezeeka na sijasikia mtu akiniita kosa."

Khadar akaufuata waya wa ardhini. Ulishuka ukutani, ukapinda kwenye pembe ya jikoni, ukatokomea kwenye nduma zenye majani mapana kama miavuli. Alipiga magoti matopeni, akayatenga mashina kwa mikono miwili, na fimbo ya shaba ikaonekana, kichwa chake kimegeuka kijani. Akaufungua waya, akakifunga kipimo chake kwenye fimbo, akakitazama, akakitazama tena.

"Hii inashika ardhi kuliko zile tunazoweka sisi," akasema. "Nani alifikiria nduma?"

Nduta akaweka mtungi chini. "Kumbe. Ndiyo maana marehemu alinigombeza siku ile nilitaka kung'oa zangu nipande sukuma wiki. Ati, 'Nduta, ng'oa hata ukuta, lakini hizo ziache.'"

"Hata mimi alinigombeza," akasema mwingine.

Hapo wanawake wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa anaona akilini nyuma ya jikoni yake mwenyewe, na pale palipokuwa na nduma.

"Sasa twende kwa mwenyekiti," Magdaline akasema.

"Mvua inakuja," Gikonyo akasema. "Tungefanya kesho."

"Mvua ni nzuri kwa nduma," akasema kinyozi, na mteja wake wa nusu kichwa akacheka mpaka akashikwa bega.

Uwanja wa Gikonyo ni wa kabro tupu, yale matofali ya kutandaza ardhini, nyekundu na kijivu, kutoka langoni hadi mlango wa zizi. Aliupanga wakati wa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, wakwe walipokuja kutoka Kerugoya na magari mengi, na ulisifiwa sana. Watu wakasimama juu yake wakatazama nyuma ya jikoni. Mwenye macho haambiwi tazama. Hapakuwa na jani hata moja la nduma.

Khadar akaanzia zizini. Aliikuta mashine ya kukatia majani imeegemea hori la bati. Ndani yake waya ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka ukachubuka, na stima ikaingia kwenye mwili wa mashine, na kutoka hapo ikaingia horini. Kisha akaufuata waya wa ardhini ukutani hadi ulipoingia chini ya kabro. Akaomba mtaimbo. Aling'oa matofali machache, akachimbua mchanga, akaonyesha watu. Fimbo ya Kihara ilikuwa pale, lakini imekatwa kwa msumeno chini kidogo ya mchanga ili kabro zikae sawa, na ncha ya waya ililala kando yake, haijashika kitu.

"Fimbo ingekuwa nzima na waya ungekuwa juu yake," Khadar akasema, akijifuta mikono, "stima ingekimbilia ardhini, fyuzi ingekatika, na ng'ombe angekunywa maji yake."

Nduta akainama akaitazama fimbo. "Na nani alikata?"

"Watu wa kabro, labda," Gikonyo akajibu. "Mimi nilikuwa na wageni. Siwezi kujua kila kitu."

"Na hakuna mtu alikuambia isikatwe?" Khadar akauliza.

Macho ya Gikonyo yalimwendea Magdaline, na yakabaki hapo.

Kwa maana yuko mtu aliyemwambia. Juma lile malori ya kabro yalipopita, Kihara alikuwa mgonjwa, amelazwa karibu na dirisha. Aliyaona, akauliza yanakwenda wapi. Akamtuma mkewe: "Mwambie Gikonyo wasiguse fimbo. Kama ni lazima, wanisubiri nipate nguvu niihamishe mwenyewe." Magdaline alikwenda na goti lake, akamkuta Gikonyo langoni akiwaelekeza mafundi, akampa maneno hayo kama yalivyo. Gikonyo akamjibu, na mafundi wakasikia, na wengine wakacheka. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Nimemwambia." Kihara akasema vyema, akageukia ukuta akalala. Alichojibiwa hakumwambia.

Sasa mtaa mzima ulimtazama. Ingekuwa rahisi kuyasema yote. Monicah alikuwa ameishika aproni yake kwa mikono yote miwili, anaikunja na kuikunjua, na kutokana na alivyosimama, Magdaline aliona kuwa mama huyo anajua pia.

"Nimekuja hapa kwa ajili ya jina la Kihara," akasema. "Limeonekana jinsi lilivyo. Mwenyekiti, ulilitaja ukumbini. Utalirudisha ukumbini."

"Nitalirudisha, Mwalimu," Gikonyo akasema, na alisema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu darasa la tano.

Khadar akampa ishara kijana. Kijana akachovya brashi, akauchagua ukuta mweupe karibu na mlango, akapaka X kubwa iliyonyooka. Alipomaliza akamgeukia Gikonyo.

"Usijali, mzee. Ni rangi tu. Hata mvua itaitoa."

Gikonyo alilirudisha jina Jumapili iliyofuata, kwa sentensi fupi, akiangalia sakafu. Ilitosha. Siku hiyohiyo Magdaline alimpigia Wangui.

"Ubao bado uko juu?"

"Uko, Mami."

"Basi upake rangi upya. Herufi zilezile, samawati ileile. Na uongeze ukubwa kidogo."

Nyumba yake ilifungwa nyaya mpya mwezi huohuo. Za zamani zilitolewa darini zikiwa zimekunjwa kama kamba za mbuzi, na hakuzililia. Khadar alitaka kupigilia fimbo mpya mahali pakavu karibu na mita, akatazamwa, akaenda kuipigilia nyuma ya jikoni. Alirudisha nduma juu yake bila kuambiwa. Nguzo ya zege ikasimama nje ya lango, nyaya nyeusi zikavutwa, na transfoma ya kanisani ikawashwa bila kunguruma. Kisha Khadar akasogea kando ya mlango.

"Nimeambiwa hapa mama wa nyumba ndiye huanza," akasema.

Magdaline akabonyeza swichi.

Kilichobaki ni Nduta, ambaye hupitia langoni kila asubuhi na hajachoka kuuliza.

"Mwalimu, watu wanasema ati siku zile za kabro Gikonyo alikutukana. Wengine wanasema alimtukana marehemu. Ni gani kweli?"

"Nani anasema?"

"Watu. Sasa si afadhali utuambie wewe, tusipotoshe? Alikujibu nini pale langoni?"

Magdaline akamnyooshea sufuria.

"Lita moja, Nduta, kama kawaida. Hilo lingine sisemi."

"Hata mimi peke yangu?"

"Sisemi."